Chai ya Kijani na Maji ya Emali

Kwa hivyo haikuwa majani, na haikuwa mikono yangu. Wiki tatu nzima nimekuwa nikilalamika hapa kwamba nimeolewa bila kujua kupika chai, na kumbe hakuna hata siku moja niliyokosea.

Leo ni Jumapili, saa kumi na moja jioni, hapa Emali. Ardhi bado imelowa mvua ya jana na hewa imepoa. Nimeshika simu mara mbili niandike, na mara mbili nimeiweka chini nikaenda kumtazama Kyalo akiwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono mmoja umegusa sakafu. Mume wangu. Bado nalisema hilo neno polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya ndani ya nyumba kabla ya kutoka navyo.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana huenda kuna anayesoma leo kwa mara ya kwanza.

Kyalo huendesha tingatinga kwenye kazi ya barabara. Msimamizi wake wa mitambo ni Bwana Shen, Mchina wa makamo, mpole, ambaye kutwa nzima hatengani na glasi yake ya maji ya moto yenye majani ndani. Tulipofunga ndoa mwanzoni mwa Aprili, alikuwa likizoni kwao. Aliporudi alitutumia zawadi: kopo dogo la bati linaloenea kiganjani, na ndani yake chai ya kijani. Si ile chai ya ungaunga tuliyozoea, wala si ya vifuko. Ni majani mazima, madogo, bapa kama yaliyopigwa pasi moja baada ya jingine.

Bwana Shen alimweleza Kyalo, na Kyalo akanieleza mimi huku ameshika kopo kama ameshika mtoto. Alisema haya ni majani ya kwanza kabisa ya mwaka. Kwao baridi ikianza kuondoka, mti wa chai hutoa vichipukizi vidogo, na hivyo ndivyo huchumwa kwa vidole, asubuhi, kabla ya ile sikukuu yao ya Aprili ya kwenda kusafisha makaburi ya wazee. Baada ya hapo mvua huja, majani hukua haraka na ule utamu hupungua. Anayetaka tamu lazima awahi. Mimi niliposikia hivyo nilimwangalia Kyalo, aliyenichumbia nikiwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu na kunisubiri miaka mitatu, nikacheka peke yangu.

Na hapana, sikuyachemsha kwa maziwa na tangawizi. Najua ndilo mnalosubiri nikiri.

Nilifuata maagizo yote. Chemsha maji, fungua kifuniko, acha yapoe kidogo maana majani haya ni laini na maji yanayotokota huyaunguza. Mimina maji kidogo kwenye glasi ili ipate joto, yamwage. Weka majani, kijiko kimoja kidogo. Mimina maji polepole. Usifunike, usikoroge, usitie sukari. Subiri kama dakika mbili. Ukifika karibu na nusu ya glasi, ongeza maji mengine, na majani yaleyale yatakupa chai mara tatu.

Nilifanya hivyo. Ikatoka kitu cha rangi ya maji yaliyosuuzia sufuria, kina utando juu, kizito mdomoni, kichungu mwishoni. Kyalo alikunywa yote. Akasema, "Ni sawa, mpenzi."

Ni sawa. Kila mwanamke anajua uzito wa hayo maneno.

Kesho yake nikapunguza majani. Ni sawa. Nikangoja maji yapoe zaidi. Ni sawa. Yeye hunywa chai hiyohiyo kwenye kibanda cha Bwana Shen, na alishaniambia, kabla hatujaoana, kwamba ukishameza utamu hubaki nyuma ya ulimi kama mtu aliyekwenda akaacha mlango wazi. Kwa hivyo nilijua ninachokosa. Na kopo lilikuwa linaisha.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Hasira yangu haikuwa ya chai hii tu.

Wiki ya pili ya ndoa yetu, mama yake Kyalo alikuja kututembelea. Namwita Mwaitu, yaani mama, kama Kyalo anavyomwita. Alitoka Nuu, kule Kitui, akabadilisha gari mara tatu, amebeba kuku na mfuko wa ndengu, na chupa ya maji ya kunywa njiani. Nilikuwa nimeamka alfajiri. Nilipiga deki hadi sakafu ikang'aa. Ugali alikula, kuku alikula, akanisifu. Kisha nikamletea chai yangu, ya maziwa mengi, kwenye vikombe vya harusi. Akanywa kidogo. Akanywa kidogo tena. Akakiweka kikombe kwenye meza, akakisogeza taratibu mbali naye, akafungua chupa yake akanywa maji yake aliyokuja nayo.

Hakukigusa tena hadi akaondoka.

Nilimsimulia shangazi yangu kwa simu, nikitumaini atacheka. Hakucheka. Akasema, "Huyo amekukataa kwa heshima." Tangu siku hiyo nimekuwa nikilibeba hilo neno. Kyalo nilimwuliza mara moja tu, akasema mamake huwa hivyo akichoka. Lakini mama aliyechoka hakatai chai. Chai ndiyo anayoitafuta.

Kwa hivyo kopo la Bwana Shen lilipofika, niliomba moyoni lisiniaibishe. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba hii anywe kitu kilichotoka mikononi mwangu na akunjue uso. Kila "ni sawa" ya Kyalo ilikuwa ni kile kikombe kinasogezwa tena mezani.

Jana, Jumamosi, Kyalo alirudi kutoka kazini saa saba mchana. Hata viatu hakuvua.

"Nimemwambia Bwana Shen chai yake inatushinda nyumbani," akasema.

Nilitamani sakafu inimeze. "Umemwambia napika vibaya?"

"Sijamwambia umepika. Nimesema inatushinda. Sisi."

Ndiyo maana nampenda mtu huyu.

"Akasema nini?"

"Ameuliza kitu kimoja tu. Maji mnatoa wapi?"

Tukaangaliana. Halafu wote wawili tukageuka tukatazama mitungi ya manjano iliyopangwa karibu na mlango wa jikoni. Maji ya bomba hapa kwetu hupotea hata wiki mbili, kwa hivyo ploti nzima ya wapangaji huteka kwenye kisima kilichochimbwa nyuma. Ni maji ya chumvi. Kila mtu anajua. Sabuni haitoi povu, na sufuria hushika ukoko mweupe ambao nimekuwa nikiukwangua kwa kisu tangu nikiwa mtoto. Lakini mimi nimezaliwa pembeni tu ya Emali na nimekunywa maji haya maisha yangu yote. Kwangu hayana chumvi. Kwangu hiyo ndiyo ladha ya maji. Na Kyalo, baada ya miaka sita hapa, amezoea pia. Kule kazini Bwana Shen hutumia maji ya kununua.

Mungu ni wa ajabu, kwa sababu saa tisa mawingu yakashuka. Tuliacha mvua ya kwanza ioshe mabati, vumbi liondoke, kisha tukatoka mbio na kila chombo cha nyumba hii: sufuria, beseni, hata lile bakuli kubwa la kioo tulilopewa na kwaya. Kyalo alisimama chini ya ukingo wa paa ameinua ndoo kichwani, shati limemganda mwilini, anacheka kama mwehu. Jirani akafungua dirisha akauliza kama tumepoteza bomba au akili. Kyalo akamjibu, "Tunapika chai." Dirisha likafungwa.

Tuliyachuja kwa kitambaa safi, tukayachemsha vizuri maana ni maji ya paa, tukafungua kifuniko tukasubiri. Nikamimina.

Sijui niandikeje ili mwone nilichokiona.

Majani yalielea kwanza, yamelala juu. Kisha moja likasimama. Likashuka polepole, wima, likafuatwa na jingine, na jingine, mpaka glasi nzima ikawa na majani yamesimama kama shamba dogo lililoota ndani ya maji. Yalifunguka. Kila kichipukizi na jani lake moja pembeni, kama vidole viwili vimeshikana. Na maji yalikuwa maangavu. Rangi yake ilikuwa hafifu, kijani cha ganda la mbaazi changa, ukishikilia glasi dirishani unaona mwanga upande wa pili. Harufu ilikuwa ya mbaazi mbichi zinazochemka, zile za kwanza za msimu, na kidogo ya mahindi mabichi unapoyatoa maganda.

Nikanywa. Mwanzo ni kama hakuna kitu. Kisha kuna uchungu mdogo sana, unapita. Kisha, nyuma ya ulimi, utamu. Bila sukari. Niliungoja uondoke na haukuondoka.

Nikamtazama Kyalo. Alikuwa amefumba macho. Hakusema ni sawa. Alinyoosha mkono akashika wangu juu ya meza, wote tumelowa, tukanywa glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya pili ndiyo tamu kuliko zote. Nawaambia kama mtu aliyeona.

Ni katikati ya glasi ya tatu nilipoiweka chini ghafla.

Kule Nuu wanakunywa maji ya mwamba. Mvua hunyesha juu ya jiwe kubwa, hushuka kwenye mfereji na kuingia tangini. Kyalo ameniambia mara mia jinsi yalivyo matamu. Na mimi mama yake nilimpikia kwa maji ya kisima chetu.

Sikulala vizuri kwa hamu. Leo tulipotoka kanisani sikungoja hata kubadilisha nguo. Nikampigia.

"Mwaitu, nataka kukuuliza kitu na usinifiche."

"Uliza, mwiitu." Huniita hivyo, msichana wake. Niliwahi kudhani ni mazoea tu.

"Ile chai niliyokupikia ulipokuja. Ilikuwa na nini?"

Nikasikia kuku wake wakigombana.

"Mbona unaiuliza leo?"

"Kwa sababu uliiacha."

Akavuta pumzi. "Ilikuwa na chumvi," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya mwingine. "Nilijua ni woga. Umeogopa mama mkwe, ukashika chumvi ukidhani ni sukari. Mimi nilipoolewa niliunguza maharagwe siku tatu mfululizo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mbele ya nani? Huyo Kyalo alikuwa amekaa pale anakutazama kama amenunua lori. Niseme mke wake wa wiki mbili hajui chumvi na sukari? La. Nikanywa maji yangu nikanyamaza. Na hata dada zake sijawaambia mpaka leo."

Hapo nikalia. Nililia kwa furaha katikati ya sebule, na Kyalo akaja akidhani kuna msiba.

Mwezi mzima nimelala nikiwaza kwamba nimekataliwa, na mwezi mzima yule mama amekuwa akinifichia aibu ambayo hata sikuwa nayo.

Nilipomweleza habari ya maji, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ninyi watu wa Emali mnakunywa supu na mnaiita chai. Na huyo mwanangu, ulimi wake ulikufa lini?"

"Mwaitu, nakusikia," Kyalo akasema juu ya bega langu.

"Sikia vizuri. Nimekulea kwa maji matamu." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya taratibu. "Mwiitu, jiko langu halijawahi kuonja mkono wako. Utakuja lini?"

Sikumjibu vizuri, kwa sababu nilikuwa bado nafuta pua. Nilisema tu nitapanga na Kyalo, akaniaga. Lakini nimeshapanga. Kopo limebaki na vijiko vitano hivi, na tangu saa nane liko ndani ya mkoba wangu, limefungwa kwa leso. Kyalo ataomba ruhusa ya siku mbili. Nitampikia Mwaitu kwanza chai ya maziwa, kwa maji yake mwenyewe, aimalize hadi chini nikimtazama. Kisha nitamwekea glasi mbele yake aone majani ya Bwana Shen yakisimama.

Nimemtumia ujumbe sasa hivi, kabla sijaweka kisa hiki mtandaoni. Nimeandika: Mwaitu, mwezi huu hauishi kabla hatujafika Nuu. Siku hiyo usiwashe moto. Nitauwasha mimi.