Safu ya mikono ya wapambe

Jumatano. Jua la Gongoni leo limewaka mpaka barabara imenyamaza, nami sina hamu hata ya chai.

Shangazi Mwajuma ameacha kushona. Kwa sababu yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea, na cherehani yake ndiyo iliyonisomesha. Mwaka huu macho yameanza kumsumbua, vipimo alivyoandika havisomi tena, nikamtengenezea programu ya kompyuta: jedwali la herufi kubwa lenye jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga. Alifurahi, jamani! Wiki iliyopita wakaja wapambe wa harusi wanaotaka mikono mirefu. "Mwanangu, niongezee na sehemu ya mikono." Nikaweka kitufe: ukibonyeza, safu mpya inatokea, unaipa jina unalotaka. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Kumbe safu mpya ikijazwa, jedwali linajipanga upya kwa alfabeti. Majina yakahama na vipimo vyake vya zamani, urefu wa mikono ukabaki ulipokuwa. Yaani kila binti akapewa mkono wa mwenzake. Na tarakimu zote zilikuwa za kawaida tu, nani angeshtuka? Shangazi akakata satini kama alivyosoma.

Jana wapambe walikuja kujaribu. Mmoja mkono umefunika kucha, mwingine umeishia chini kidogo ya kiwiko. Walicheka wee, mpaka mama wa bibi harusi akawanyamazisha. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, "Bi Mwajuma, umetushonea miaka mingi. Macho yamechoka, pumzika sasa." Akakunja magauni, akaondoka nayo.

Shangazi akafunika cherehani kwa kitambaa.

Nikakimbilia kompyuta. Kosa nikaliona, nikalirekebisha palepale: majina yakipangwa, safu mpya ihame pamoja nayo. Ndipo nikamwita. "Shangazi, siyo macho yako, ni programu yangu!" Akasogeza uso karibu na kioo, akaniambia niongeze safu aone. Nikaongeza. Kila tarakimu ikakaa kwa mwenyewe.

"Mbona iko sawa?"

Nikamweleza kwamba nimeshaitengeneza. Akanishika shavu. "Usinifichie aibu, mwanangu. Nimezeeka."

Mungu wangu! Mpumbavu gani anafuta ushahidi kabla ya kuuonyesha? Hata nakala ya zamani sikuweka.

Leo asubuhi nimelirudisha kosa makusudi, nikamwita tena. Ametazama majina yakiruka, tarakimu zikibaki nyuma. Nikadhani sasa ameelewa. Akatabasamu, akanishukuru kwa kuhangaika kubuni kosa ili nimfariji.

Nilitaka kupiga kelele. Nimelia tu, naye akanibembeleza, mimi!

Mchana jirani amepita na sketi ya kupunguza kiuno. "Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mama. Mpelekee fundi wa pale kona, mimi nimestaafu."

Amesema kama mtu anayetaja bei ya nyanya, huku mimi nimeketi pembeni yake. Jirani akanitazama, nami nikatazama chini. Magauni yatarekebishwa huko yalikopelekwa, harusi itafanyika Jumamosi, watu watacheza. Programu nimeirekebisha tena, sasa haina tatizo lolote, nimeijaribu mpaka nimechoka.

Ukweli nimemwambia mara mbili, na mara zote mbili ameuona ni huruma yangu. Kesho nimwambie nini ambacho hatanishukuru?