Papa Barthélemy, Uliyetupiga Filme Sisi Wote

Mwaka umezunguka, papa, na mama bado anainua kichwa kila akisikia mulango unasukumwa jioni. Ulituacha hapa Murara, Goma, mwezi wa tano 1957, kwa homa ambayo sisi wote tulidhani ni ya siku chache. Jioni moja uliomba chai. Mama Philomène alipotoka nayo jikoni, wewe ulikuwa umeshakwenda. Mpaka leo hanywi chai saa zile.

Watu wa Goma wanakukumbuka kwa sinema ya misheni. Gari la mapadiri lilipoonekana njia ya Rutshuru, na wewe nyuma umeikumbatia mashine ya sinema kama mutoto mugonjwa, watu waliacha jembe shambani. Na haraka hukuwa nayo kabisa! Ulitandika shuka nyeupe, ukavuta kamba, ukarudi nyuma kuitazama, ukavuta tena. Watu wakapiga makelele, "Muzee, anza basi!" Wewe ukawajibu, "Ngojeni. Shuka ikipinda, hata askofu atapinda." Basi wakacheka, wakangoja.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa ile mashine ndogo ya kupiga filme, uliyoinunua kwa muzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Mama alinuna wiki nzima, maana mulikuwa mumepatana kununua mabati. Nyumba ikaendelea kuvuja, na sisi tukaendelea kupigwa filme. Ulimpiga baba mudogo Ndayambaje akikama ng'ombe kule Masisi, amefura kwa hasira kwa sababu ng'ombe anageuka kila mara kuitazama mashine. Ulimpiga mama yako muzee akijifunika uso kwa kikwembe, halafu akichungulia kama bado uko pale. Filme zilikwenda Ulaya kwa posta kuoshwa, zikakaa huko mpaka tunasahau tulivaa nini siku ile. Ziliporudi, nyumba nzima ilikuwa sikukuu.

Lakini makelele yako juu ya kuzitunza, papa, ee! "Mikono! Nani anashika na mikono ya mafuta? Shika pembeni, usishike katikati!" Kila filme ilikuwa na mukebe wake, na mikebe yote ndani ya sanduku la mbao, na ndani ya sanduku vifuko vya muchele uliokaangwa mpaka kukauka, ili unyevu uingie kwenye muchele uache filme. Mvua ikianza, unadai muchele mupya. Mama alikuambia siku moja, "Kwa nyumba hii filme zinakula muchele, batoto wanakula muhogo." Ulicheka sana, lakini muchele hukuurudisha. Ukasema, "Batoto wa batoto wetu watakuja kuuliza tulikuwa watu wa namna gani. Mimi sitakuwapo kuwajibu. Hizi zitawajibu."

Neno moja tu tunakulaumu, na tunakulaumu kwa upendo. Kazi ile ya kuzitunza uliifanya peke yako, hukumufundisha mutu wa nyumbani.

Na katika filme zote hizo wewe haumo. Uko nyuma ya mashine siku zote. Katika moja tu unaonekana, ile ya ndoa ya binti yako Léocadie, ulipomuwekea mama mashine mikononi ukamuambia, "Minya hapa, mama Léocadie, na usipumue." Mama alipumua. Akapiga viatu vyako, akapiga majani ya migomba, mwishowe akaupata uso wako. Tulipoiona mara ya kwanza ulicheka mpaka ukajishika kiuno, na tangu siku ile ukawa unamuita mama "fundi wa viatu".

Sasa tukuambie yaliyotokea, maana ungekuwapo ungeuliza.

Mvua za mwaka jana ziliingia ndani, na sanduku likashika ukungu. Mama aliona ukungu ule akalia, akasema hakubali upotee mara ya pili. Akafikiri kama mama yeyote wa kwetu angefikiri. Kitu unachotaka kiishi mpaka musimu mwingine unakiweka wapi? Unakiweka urusenge, ile dari ya miti juu ya moto wa jikoni, pale mbegu za maharagwe na mutama zinapolala, kavu, wadudu hawazisogelei kwa ajili ya moshi. Akaipandisha mikebe yote kule, mumoja mumoja, kwa mikono yake. Na kwa kuogopa unyevu, hakuacha moto uzimike hata siku ambayo hakuna cha kupika. Asubuhi akiuchochea alikuwa anatazama juu na kukusalimia, "Papa Léocadie, umelala namna gani?"

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kukuombea, tulikusanyika nyumbani. Léocadie alifika kutoka Rutshuru, baba mudogo Ndayambaje akatoka Masisi na maziwa. Mwana wako Célestin alimuleta mutoto wake Hitimana, yule aliyezaliwa wewe umeshazikwa. Onésime, mwenzako wa sinema, aliombea mashine ruhusa kwa mapadiri akaja nayo. Tukaziba madirisha kwa blanketi mchana kweupe. Mama alivaa kikwembe kipya, akakaa mbele sana mpaka Onésime akamuomba arudi nyuma kidogo.

Wiki nzima kabla ya hapo mama alikuwa na neno moja tu. "Nataka kumuona. Ninafumba macho ninamutafuta, uso haukuji. Ninaogopa nimeanza kumusahau." Tukamuonyesha picha yako ya kitambulisho, akaisukuma. Pale umekaza uso kama mutu aliyeitwa na polisi, na kwetu hukuwa hivyo hata siku moja.

Onésime akafungua mukebe wa kwanza, ule wa ng'ombe wa Masisi. Filme ilikuwa imejikunja kama ganda kavu la maharagwe. Akaipitisha kwenye mashine, ikalia ka! ikakatika. Akaiunga, ikakatika tena. Vipande vikaanguka chini. Onésime akaisimamisha mashine.

"Mama, hizi zilikuwa zimewekwa wapi?"

"Urusenge. Juu ya moto, na mbegu."

Onésime akaokota kipande kimoja. "Joto limezikausha kupita kiasi, mama. Filme haitaki maji, lakini haitaki moto pia."

"Basi ni mimi nimeziua."

"Haujaziua. Uliziweka pahali unapoweka kitu cha maana."

Akachukua mukebe wa ndoa, akaigusa filme kidogo kidogo, akatikisa kichwa. "Hii inaweza kupita mara moja. Pengine. Ikipita, haitapita tena, itavunjika yote. Nasikia kule Ulaya iko dawa ya kuzilainisha. Mimi sina, na sijui bado ni nani anayo."

"Weka, Onésime," Léocadie akasema. "Mama amengoja mwaka muzima."

"Weka, tumuone kaka yangu," akasema Ndayambaje.

Taa ya mashine ilikuwa inawaka kwenye shuka tupu. Mama aliitazama shuka ile, halafu akageuka kumutazama Hitimana, aliyekuwa anatafuna ngumi yake mapajani mwa Célestin.

"Huyu akiona leo, atakumbuka?"

"Bado mutoto sana, mama," Célestin akasema. "Hawezi."

"Basi funga."

"Mama!"

"Nasema funga, Léocadie. Sisi tulimuona. Huyu bado." Na hapo akaangua kilio, papa, kilio ambacho hata siku ya kaburi hakukilia. Sisi wote tukalia naye. Tulikuwa tumetamani kukuona unatembea.

Onésime alimuacha alie mpaka atulie. Akaondoa blanketi moja dirishani, akaikunjua filme taratibu mbele ya mwanga, akamupa mama kioo chake cha kukuzia. Vipicha vyenyewe ni vidogo kuliko ukucha wa Hitimana. Mama akainama.

"Viatu," akasema. Onésime akasogeza. "Majani." Akasogeza tena.

Mama akakaa vile ameinama, muda murefu, mpaka mikono ya Onésime ikachoka, lakini hakuishusha. Léocadie akamuuliza anaona nini. Alipofungua kinywa alisema na wewe, wala si na sisi.

"Kumbe nilikuwa sijakusahau."

Mukebe ule sasa uko chumba cha nyuma cha misheni, cha mawe, chenye baridi, mbali na moto. Onésime anaulizia ile dawa kwa kila padiri anayetoka Ulaya. Sisi tunangoja.

Wanaokulilia na kukuombea: bibi yako Philomène Nyiransengimana, watoto wako Léocadie na Célestin, ndugu yako Ndayambaje, rafiki yako Onésime, na mujukuu wako Hitimana, ambaye hajakuona.

Hatukukusahau, papa. Hatutakusahau.