Breki za Gari la Mkate

Jumatatu, 1 Machi 1976

Leo nimeipita bendera. Mungu wangu! Saa moja na nusu, nateremka kuelekea mtoni na mikate ya moto, camionnette yangu ya mizigo inakwenda vizuri kabisa — filimbi ya kupandisha bendera ikalia. Barabara yote ikasimama: watu wa baiskeli, mama wa samaki, gendarme mwenyewe na mkono wake kwenye paji. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini. Nikawapita wote nikipiga honi, bendera bado iko njiani kupanda, mpaka lundo la mchanga bandarini likanipokea.

Gendarme alinifuata kwa miguu. Ati nikirudia, gari linabaki kwao, nami pamoja nalo. Bila gari hakuna kuuza mkate. Nimekosa usingizi mchana mzima, nami nilioka usiku kucha.

Jumanne, 2 Machi

Mke wangu Kavugho ana dawa yake. "Baba Sabine, wewe enda polepole tu. Breki ya zamani itatosha."

Polepole! Na Zuberi je, mwenye tanuri ng'ambo ya soko? Anayefika kwanza anauza mkate wa moto. Wa pili anauza mawe. Tena niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: naupenda mteremko ule. Nikiingiza gia ya tatu pale juu, moyo wangu unacheka wenyewe.

Jumatano, 3 Machi

Gereji ya Kasimu. Nilitaka garniture ngumu za breki, zile za lori. Akakataa. Ati za lori zinataka zipate moto kwanza ndipo zishike, na mteremko wangu ni mfupi — zitashika nikiwa tayari majini. Akanionyesha disque za breki za mbele alizozitoa kwenye gari la 504 lililopinduka njia ya Kailo. Hizo hazichoki kwa moto. Zinang'aa kama sahani za harusi! Kisha akazunguka gari, akayapiga teke magurudumu.

"Patron, breki inasimamisha gurudumu. Pneu njo inasimamisha mutuka. Hizi za kwako ziko na kipara kama baba yangu."

Basi, disque na pneu, matairi yote mapya. Redio yangu imehamia kwa Kasimu, ndiyo malipo. Kavugho bado hajauliza iko wapi.

Ijumaa, 5 Machi

Disque zimeingia, baada ya nyundo kidogo. Lakini mafuta ya breki hakuna Kindu nzima. Yatakuja na treni, wanasema. Treni yenyewe inakuja lini? Kasimu akatoa chupa ya mafuta ya injini. Nikamwuliza kama hayo si kitu kingine.

"Mafuta njo mafuta, Patron."

Tukajaribu. Niligusa pedali tu, gari likasimama palepale, kofia ya Kasimu ikaruka ikaenda kwenye majani. Nimecheka mpaka machozi. Sijawahi kuwa na gari namna hii.

Jumamosi, 6 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya mji. Tumefyeka nyasi za barabara asubuhi nzima, gendarme akitusimamia. Nikamwambia Jumatatu aje aone gari linavyosimama. Mdomo wangu huu!

Jumapili, 7 Machi

Baada ya misa gari lilikuwa zito. Kasimu anasema disque ni kama bibi harusi, zinazoea nyumba.

Jumatatu, 8 Machi

Naandika ndani ya gari, daftari juu ya goti. Kichwa nimekiweka wima, kwa sababu ya macho ya watu.

Filimbi ilinikuta katikati ya mteremko, gia ya tatu. Nikakanyaga. Gari likasimama mbele ya gendarme kabisa, hatua mbili! Nikashuka, nikasimama wima kando ya mlango, nimejaa fahari. Bendera ikafika juu, filimbi ya pili, ya kuwaachia watu, ikalia. Nikapanda. Gia ya kwanza — halitoki. Gia ya nyuma — halitoki. Disque zimeuma, hazitaki kuachia; mafuta ya injini yamevimbisha mipira ya breki. Mafuta njo mafuta!

Gendarme akaanza kuja. Niliogopa, sifichi. Nikashuka tena, nikasimama wima, macho kwenye bendera, nipate dakika ya kufikiri. Naye akasita. Akaitazama bendera, akanitazama mimi, akabana visigino. Mtu wa baiskeli aliyekwisha ondoka akamwona gendarme, akasimama. Mama wa samaki akatua beseni. Kisha barabara yote.

Robo saa sasa. Miguu ilichoka, nikaingia kuketi nikidhani wataondoka. Wapi! Sasa wanasimama kwa ajili ya gendarme, si kwa ajili yangu. Kasimu amekuja mbio na funguo zake. Angelegeza skrubu moja tu ya kutoa mafuta, gari lingeachia. Amekwama hatua ishirini kutoka hapa, funguo kifuani. Zuberi yuko nyuma yake na mikate inayopoa. Mradi hakuna anayesogea, gari bado ni langu.

Gari jeusi limefika nyuma yangu. Ni la mkubwa wa mji. Dereva amepiga honi mara moja, akaacha. Mkubwa ameteremsha kioo, anamwuliza gendarme kwa sauti ndogo:

"Nani alitoa ordre ya kusimama?"

"Siyui, Chef. Lakini mimi sitaki kuwa muntu ya kwanza ya kusogea."

Mkubwa anafikiri. Anafungua mlango. Anafunga kifungo cha juu cha koti lake la abacost. Naye amesimama.