Hoteli Inataka Shanga Zangu, Mimi Nataka Kompyuta Zao

Mshauri Penina, shikamoo. Naomba unisaidie hata kama barua hii imekaa ovyo, kwa sababu naandika, nafuta, nasimama, nakaa tena, hadi mama mwenye nyumba ameanza kuniuliza kama naumwa.

Naitwa Nasieku, binti wa Nainokanoka, kwetu ni ng'ombe na ukungu, na nimepanga chumba hapa Karatu tangu nilipokuja kusoma kompyuta katika chuo ambacho jina lake naliacha, maana nilikichagua mwenyewe kwa kutazama bango lao zuri, na karibu muda wote tulifundishwa kuchapa barua na kutengeneza kadi za harusi, mashine yenyewe hatukuwahi kuifungua tuone ndani kuna nini. Nilipomaliza nikajiona nimeachwa nyuma, nikaanza kujifunza kuchora matangazo kwa simu, nikaacha, nikaingia kwenye kutengeneza programu, nikaacha, na sasa rafiki yangu Felista aliyeko Arusha kila akipiga ananiambia, "Nasieku, unazubaa huko, njoo usome usalama wa mitandao, dunia ndiko inakoelekea," na akikata simu mimi kichwani nimeshafungasha begi.

Kuna fundi mmoja hapa mjini, kaka Thomasi, ana karakana ya kompyuta na printa. Aliniambia niende nijifunze kwake, mshahara hana kwa sasa, ila chakula cha mchana na nauli atanipa. Nilimjibu nitafikiri, lakini ukweli niliona aibu, yaani nimesoma halafu nikakae chini napuliza vumbi kwenye mashine za watu?

Ndipo nikaitwa kwenye usaili katika hoteli moja ya watalii huku njia ya kupanda kwenye geti la hifadhi, na kazi waliyotangaza ni msaidizi wa kompyuta. Nikiwa bado nahojiwa na meneja, dada wa mapokezi akaingia anahema, wageni wameshashuka kwenye magari na printa haitoi karatasi zao. Meneja akanigeukia, "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Haya, twende."

Mshauri, nilipofika pale nikamuuliza yule dada, "Tangu ilipofanya kazi vizuri, mmebadilisha nini?" Akasema hawajabadilisha kitu. Nikamuuliza tena taratibu, akakumbuka kwamba asubuhi walibadilisha neno la siri la intaneti. Kumbe printa ilikuwa bado inatafuta mtandao kwa neno la zamani! Nikaiingizia jipya, ikanguruma kidogo, ikatoa karatasi, wageni wakapewa funguo zao. Nilitulia mwili mzima, kitu ambacho sijakiona kwa muda mrefu.

Meneja akanipa mkono, akasema kazi nimepata, ila nitakaa mapokezi na shuka na shanga zangu kuwakaribisha wageni, kompyuta zikisumbua nitazitazama. Nikamwambia, "Lakini mlitangaza msaidizi wa kompyuta." Akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada, fundi nikimpigia simu Arusha anakuja. Binti wa Kimasai mwenye Kiingereza kizuri na tabasamu, huyo ndiye simpati." Akanipa hadi mwisho wa wiki nimjibu.

Sasa jirani yetu wa nyumbani, Sakaya, anayepeleka mboga hotelini, aliniona siku ile kwenye printa, akapeleka habari Nainokanoka kwamba binti wa Kisioki, yaani mimi, ndiye fundi wa hoteli. Baba akapanda kilimani kwenye mtandao akanipigia, anapaza sauti kwa furaha, "Nimeshawaambia wazee! Na mdogo wako Nosim akimaliza kidato cha nne naye atasoma kama wewe." Mshauri, huyu ni baba aliyekuwa akisema binti mmoja msomi anatosha. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, simu ikakatika, na tangu hapo hapatikani, ila ametuma watu waniambie siku ya mnada anakuja Karatu kuniona nikiwa kazini. Nikichukua kazi ya hoteli atanikuta nimesimama na shanga, nikienda kwa Thomasi atanikuta kwenye vumbi bila mshahara, nikienda Arusha hatanikuta kabisa, na Nosim je? Nifanyeje?

Nasieku, Karatu

*

Marahaba, mwanangu Nasieku. Kaa chini kwanza.

Pole kwa chuo cha kadi za harusi. Lakini mbona ulitaka kurudia kosa lile lile? Bango lilikuvuta, sasa Felista anakuvuta. Unataka kulinda mitandao ya watu na hujawahi kushika waya wake! Mafunzo huyachagui kwa kusikia dunia inaelekea wapi. Unaenda chuoni siku ya masomo, unaomba kuona chumba cha vitendo, unawauliza wanafunzi wameshafungua mashine ngapi na waliomaliza wako wapi. Wakikupa kipeperushi tu, ondoka.

Katika barua yako nzima umetulia sehemu moja tu, pale ulipomuuliza yule dada wamebadilisha nini, akakujibu vibaya, ukamuuliza tena bila kumkaripia. Kazi ya kusaidia watu wenye shida za kompyuta ndiyo hiyo hiyo, binti. Wengine wanajua mashine na hawajui kumsikiliza mtu aliyechanganyikiwa. Wewe hilo unalo. Ulichokosa ni mikono iliyozoea, na mikono inazoea karakanani. Ile aibu yako ya vumbi sitaki hata kuisikia.

Shanga hazina ubaya. Kukaribisha wageni ni kazi ya heshima, na anayeipenda aichukue. Wewe huipendi, na meneja amekwambia waziwazi kwamba kompyuta zake ana mtu wa kuzitengeneza. Mshukuru, mkatalie, muombe akuandikie mistari michache kwamba ulitatua tatizo la printa mbele ya wageni. Ukiomba kazi kwingine, hospitali au shule, anza na hilo, acha maneno ya "mimi ni mchapakazi". Kila mtu anayaandika.

Na baba yako usimngoje mnadani. Panda Nainokanoka, umwambie mwenyewe.

Haya nilikuambia kwa simu, kwa namba uliyoacha kwenye barua, maana mnada usingesubiri gazeti lichapwe. Uliniudhi kidogo uliposema, "Mama, nikimwambia atamtoa Nosim shule." Nikakuuliza, na akiambiwa na Sakaya je? Ukasema utapanda kesho yake.

Juzi ukanipigia wewe. Meneja alikunja uso, lakini alikuandikia, na Thomasi akakupokea karakanani. Nyumbani, baba yako alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hujui kazi bado?" Ukajibu, "Najua kidogo, baba. Nataka nijue yote." Akasema, "Basi sitawaambia wazee kitu hadi nione." Siku ya mnada alikuja, akaketi kwenye benchi la karakana na fimbo yake, akakutazama ukifungua kompyuta ya mwalimu mmoja wa kijiji cha Daa, ukaisafisha, ikakataa kuwaka, ukaifungua tena, ikawaka. Alipoondoka hakukusifu. Alimwambia Thomasi, "Nina mwingine, yuko kidato cha tatu."

Nimefurahi, ila sijamaliza na wewe. Umeniambia hadi leo hamjapatana na Thomasi utajifunza bila mshahara hadi lini. Yeye ni mtu mwema, na watu wema nao husahau. Arusha utakwenda baadaye, ukiwa na kazi za kuonyesha, tena kwa masomo ya mitandao kwanza. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua mashine yoyote, muulize Thomasi ataanza kukulipa lini. Simama mlangoni, na usiondoke hapo hadi akutajie mwezi.