Mama, Sikukuweka Kwenye "Nyingine"

Mama,

Jeneza lako alilishonea kitambaa cha ndani mwenzako, Mama Zawadi. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza. Kitambaa kilikuwa cheupe, kizuri, lakini upande wa kichwa mshono ulipinda. Wewe ungeufumua wote ukaanza upya huku watu wanasubiri nje. Tulikuzika hivyo hivyo.

Nyumba ya Dzaleka, kule kambini, imekuwa kimya. Cherehani iko pale pale mlangoni, imefunikwa kitenge chako cha bluu. Mimi nakaa zaidi Lilongwe, mtaa wa Chilinde, kwa binamu, nimalizie utafiti wa chuo. Ule ule uliouita wa "maswali yasiyoisha": kwa nini watoto wengine wa kambi yetu ya wakimbizi wanamaliza shule na wengine wanaacha.

Unakumbuka nilipokuja na karatasi kukuhoji kama mtu baki? Nikauliza kazi yako. Mguu uko kwenye cherehani, unashona, na unanijibu bila aibu: "Andika sina kazi. Bakisikia niko na kazi, batakata musaada." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakueleza kuwa ni mambo ya shule tu. Ukafikiri. "Basi andika nashonea bale benye balikufa." Nikauliza, sasa huo ni ufundi cherehani au ni kazi ya kanisa? Maana mafundi wa sokoni walisema ninyi kina mama wa majeneza si mafundi, hamuuzi kitu. Nalo kanisa likasema si huduma, mnapokea sabuni na unga. Ukaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia nikiunguza bugali. "Andika byote." Karatasi ilikuwa na nafasi ya jibu moja. Ndipo nikawafungulia ninyi wachache kundi lenu wenyewe kwenye orodha ya kazi.

Kundi hilo limenitesa, Mama.

Mwanzoni nilizipa kazi zote namba, na kompyuta, isiyo na haya, ikanipa wastani wa kazi. Madamu, mwalimu anayenisimamia, aliniuliza wastani wa fundi na mchuuzi ni nani. Ungecheka. Majibu yetu ni majina, hayajumlishwi. Nikajaribu kulinganisha maswali mawili mawili: kazi na shule, asili na shule. Haikutosha, kwa sababu kwetu mambo hayaji moja moja. Watu waliotoka Fizi, kule Kongo, wanakaa karibu karibu, wanasali pamoja, wanafanya biashara ile ile. Lazima uyatazame yote kwa pamoja. Lakini ukiyagawa yote kwa pamoja, vyumba vya jedwali vinakuwa vingi mno, na chenu kinabaki kitupu au karibu kitupu. Madamu akasema, kwa upole kabisa, "Hawa waweke kwenye Nyingine, pamoja na kazi zote za wachache wachache."

Tulikuwa tumekuzika majuzi tu. Nilikasirika. Nilitoka nikasimama nyuma ya jengo nikalia, nikajifuta, nikarudi. Hakujua kwamba mmoja wa hao ni wewe, na sikumwambia.

Nikatafuta njia nyingine, ile inayochora majibu kama nukta kwenye ramani, yanayoendana yakakaa karibu. Mara ya kwanza nukta yenu ilikwenda mbali kabisa, ikaivuta ramani nzima, wengine wote wakabanana kona moja wasionekane. Madamu alisema majibu ya watu wachache hufanya hivyo. Sikushangaa. Tangu ufe, hata kwangu mambo mengine yote yamebanana kona moja.

Mwisho tukakubaliana hivi: ramani ichorwe bila ninyi, kisha nukta yenu iwekwe mahali pake. Mnaonekana, kwa jina lenu, lakini hamuivuti ramani. Ni njia ya haki. Inaniuma vilevile.

Na nukta ilikaa wapi? Karibu na "aliacha shule". Nilitamani ikae kwingine. Ningeweza kubadili njia mpaka ikae ninapotaka, wapo wanaofanya hivyo. Niliiacha. Sabuni na unga havilipi ada. Mimi ulinisomesha kwa kulala njaa, Mama, nilikuwa nakuona, na watoto wa wenzako hawakupata bahati hiyo. Sasa limeandikwa, na halikufichwa ndani ya Nyingine.

Pumzika, Mama. Macho ya Mama Zawadi yamechoka, na hakuna anayejifunza kwake. Nimeongea naye. Jumamosi narudi Dzaleka, nakitoa kile kitenge juu ya cherehani, anionyeshe pa kuanzia. Na mimi nitapinda mshono, najua. Lakini yeyote atakayepita na karatasi zake akiniuliza kazi yangu, nitamwambia nasoma takwimu, na nashonea waliokufa. Akisema nafasi ni ya jibu moja, nitamwambia aandike byote.

Mwanao,
Riziki