Nyota Zetu na Shamba Tupu la Bibi Nyemo

Jumapili, Januari inaelekea ukingoni. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla ya saa mbili, na tangu hapo ni wingu tu na joto la kunata.

Nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Viganja vimeota malengelenge, mgongo haunyooki, na simu inalia kila dakika mbili mpaka nimeifunika kwa mto. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kusoma hapa, karibu, ila leo hujanikuta vizuri.

Nianzie mbali kidogo. Nilihamishiwa Dodoma kikazi, kama watumishi wengi. Kazi yangu ni ya masjala kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali: napokea majalada, natoa majalada, natafuta jalada ambalo bosi amelikalia mwenyewe. Nilikuwa simjui mtu. Jioni narudi chumbani kwangu Majengo, nakaa kitandani natazama ukuta. Ndipo dada mmoja wa ofisini akaniingiza kwenye mchezo wa makopo. Wazungu wanauita geocaching. Mtu anaficha kopo mahali, ndani anatia kijitabu na kalamu, anaweka namba za ramani kwenye app, na wengine wanakwenda kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kijitabuni, unalirudisha lilipokuwa, basi. Hakuna zawadi. Nilipomweleza mama yangu kule Tanga, aliuliza kama huko Dodoma hatupewi kazi za kutosha.

Acha acheke. Mchezo huu ndio uliniondoa chumbani.

Hapa kwetu tuna desturi moja, na hata sijui nani aliianzisha. Makopo ya vijijini hatufichi kihuni. Ukitaka kuficha kwenye mawe yaliyo karibu na nyumba ya mtu, unakwenda kwanza kumwomba, halafu kwenye ramani unaweka nukta mbili. Ya kwanza ni mlangoni kwake, ya pili ni lilipo kopo. Ile ya kwanza ni ya hodi. Mtafutaji anafika pale, anabisha, anasema mbukwenyi kama Wagogo wanavyosalimiana, anaeleza shida yake, ndipo anapanda mawe. Hakuna sheria ya app inayosema hivyo. Ni sisi wenyewe tuliona aibu kukatiza uani kwa watu kama mbuzi.

Kopo langu la kwanza nililificha kwa Bibi Nyemo, kijijini upande wa Chamwino. Ni mjane, anaishi peke yake, nyuma ya nyumba ana mawe na mbele ana shamba. Nilipokwenda kumwomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa ugali wa uwele na mlenda, mtu wa kwanza katika mkoa huu kunilisha kabla hajaniuliza natoka wapi. Kopo lile lilipata wageni wawili, watatu kwa mwaka, na bibi aliwakumbuka wote kwa majina.

Sasa, mwezi wa kumi na moja app ikatuletea kitu kipya: Changamoto ya Maeneo. Humo hutafuti kopo. Unafika kwenye eneo, simu inatetemeka, unapata nyota, unaondoka. Nyota zinahesabiwa kwa mtu na kwa mji, na kuna orodha ya msimu mzima.

Grupu letu la wachezaji likawaka moto. Mwalimu Ezekia, mstaafu, mkubwa wetu wote, alituma sauti ya dakika nne kwamba mchezo umekufa, halafu akajitoa. Vijana walishangilia, hakuna tena kutia mkono kwenye mashimo ya nge. Deo, fundi wa kompyuta anayeendesha grupu, akawa kila asubuhi anatubandikia msimamo: Dodoma ya nne, Dodoma ya tatu, jamani Dodoma ya pili! Na palikuwa na kundi la wanafiki, wanaolalamika kutwa kwamba mchezo umeharibika huku nyota wanakusanya. Mimi nilikuwa huko.

App iliwauliza wenye makopo: unakubali eneo lako liingizwe kwenye changamoto? Nikabonyeza ndiyo. Ningependa kuandika hapa kwamba sikusoma maelezo. Nilisoma. Iliandikwa wazi kuwa itachukuliwa nukta ya kwanza ya kila kopo. Nilisoma nikiwa masjala, majalada yamenizunguka, nikafurahi kwamba kopo langu sasa litapata watu na jina langu litapanda. Kwamba nukta ya kwanza ni mlango wa bibi wa watu, hilo halikunipitia kichwani hata kidogo.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jana Deo akatuma picha. Yuko juu ya bodaboda, uani kwa Bibi Nyemo, dole gumba juu, na maneno: “Nyota tatu, hata sijashuka kwenye pikipiki!” Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mimi nikatazama nyuma yake. Kushoto ni shamba la jirani, mtama umeshafika magotini. Kulia ni shamba la bibi, na ni udongo mtupu. Mvua yote hii, halafu mama wa Kigogo wa umri ule hajapanda? Nikajua kuna jambo. Nikadhani anaumwa.

Leo nikaenda.

Haumwi. Nilimkuta kibarazani anachambua mboga. Shikamoo, marahaba, za mjini, na mimi nikapewa kigoda. Nikamuuliza mbona shamba liko hivi. Alijibu taratibu, kama anasimulia habari iliyokwisha zamani.

“Nimlimie nani, mwanangu? Wameshapima.”

Tangu mwezi wa kumi na mbili, alisema, watu wanakuja. Mmoja mmoja, wawili wawili, wa pikipiki, wa gari. Wanasimama mlangoni, hawaamkii, wala mawe hawapandi kama wale wageni wa kopo. Wanatazama simu, wanarudi nyuma hatua mbili, wanasogea kulia, wananyanyua simu juu, wanaondoka zao. Bibi si mjinga. Mji unakua, na ameona vijiji vya jirani vikijiwa hivyo hivyo na watu wa vifaa, baadaye yakaja mawe ya mipaka, baadaye alama nyekundu ukutani. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza, akaambiwa hakuna upimaji wowote. Hiyo ndiyo ilimmaliza kabisa. Mtendaji anayesema hakuna kitu, alisema, ndiye aliyeambiwa anyamaze. Mbegu yake ya uwele nusu akampa wifi yake, nusu akaisaga, akala.

Kwa usiyejua huku: mvua yetu ni ya msimu mmoja. Asiyepanda sasa hana wa kumlaumu, anangoja mwaka mwingine, na mwaka ni mrefu kwa mtu anayekula anacholima.

Halafu akaniomba. Mimi ndiye mtu wake wa serikali, eti nimuulizie huko Mtumba atahamishiwa wapi. Na kaburi la mzee lililo nyuma ya nyumba, litahamishwa au litaachwa?

Pale ningeweza kudanganya. Ningesema nitauliza, nirudi wiki ijayo, niseme nimewakatalia, hawachukui tena, panda bibi. Angeniombea dua. Naliandika hili kwa sababu nililifikiria, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ni mchezo, kwamba ni mimi niliyewaonyesha njia.

Hakuamini! Aka, watu wazima wenye kazi zao watoke mjini kufuata nyota mlangoni kwa kizee? Akaniambia kwa upole kwamba anaelewa nimetumwa nije kumtuliza, na kwamba hanilaumu, kazi ni kazi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha jambo. Mwisho nikatoa simu. Nikamwonyesha ramani, nikamwonyesha picha ya Deo na mlango wake bibi ukiwa nyuma, nikamwonyesha orodha ya washindani. Picha aliitazama sana. Kisha akauliza jina langu ni lipi katika yale. Nikaliwekea kidole. La saba.

“Kwa hiyo na wewe unashinda?”

Hakuuliza kwa hasira, na ndiyo maana mpaka sasa haijanitoka. Nami nikamjibu hapana bibi, mimi wa saba. Loh! Nilimjibu kama vile shida ilikuwa ni namba.

Akainuka, akaingia ndani, akarudishia mlango.

Nikakaa pale na aibu yangu. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikaenda shambani, nikaanza kulima. Sikuwa na mpango wowote, ila nilishindwa kuondoka na nilishindwa kukaa. Mimi ni wa Tanga mjini, jembe nimelishika shuleni tu siku za adhabu. Nusu saa haikuisha, ngozi ya viganja ikawa imechubuka. Baadaye bibi akatoka, akasimama ananitazama, akasema nalima kama nafukua panya. Akaleta jembe jingine, akaanza mstari wake mwenyewe, mbali na wangu. Tulilima hivyo mpaka saa tisa. Yake ilikuwa mistari minane iliyonyooka, yangu mitatu, na mmoja umepinda.

Nilipoaga alisema neno moja tu, kwamba mbegu hana. Sikulichukulia kuwa ni msamaha, na wala sikuuomba.

Nimeliondoa eneo langu kwenye changamoto. App imejibu kwamba litatoka msimu ukiisha, mwisho wa mwezi wa pili. Kwa hiyo nimewaandikia watu wa grupu, nikaeleza yote, hata sehemu ya mimi kusoma nikakubali. Nikaomba mtu asiende tena pale kwa ajili ya nyota, na Jumamosi mwenye jembe tuongozane.

Majibu ndiyo hayo yaliyonifanya nifunike simu kwa mto. Mmoja kasema dada Zuhura unatuvuruga, tuko nafasi ya pili, ngoja msimu uishe. Wengi wameweka vikatuni vya kulia. Mwingine kauliza kama Jumamosi hiyo kutakuwa na nyota. Labda alitania, sijui, sina nguvu za kucheka. Mwalimu Ezekia, ambaye hata grupuni hayumo, amesikia kwa watu na kunipigia. Goti lake bovu, hawezi kulima, lakini kufukia mbegu anaweza. Hakuniambia “nilisema mimi,” na nilikuwa nimejiandaa kuambiwa.

Deo kaniandikia pembeni. Anasema hakujua kama pale anaishi mtu. Nikamuuliza, uani kuna kuku, kuna kamba ya nguo, utakosaje kujua? Akajibu: “Nilikuwa naangalia simu.” Nilitaka kumtukana. Halafu nikajikumbuka masjala, kidole kwenye ndiyo, nikaacha. Hajasema kama atakuja.

Kesho mapema nitapita kwa wauza mbegu sokoni nitafute uwele wa muda mfupi, ndipo niende ofisini kuomba ruhusa ya siku mbili. Fomu ina sehemu ya kujaza sababu. Nitajaza kulima, bosi aone mwenyewe.

Tulipoweka majembe chini, kabla sijaaga, nilimuuliza bibi kama bado inawezekana. Akasema uwele hauna makuu. Ukiingia ardhini wiki hii na mvua ikaendelea mpaka katikati ya Machi, atapata cha kula. Mvua ikikatika Februari, kama inavyopenda kutufanyia huku, basi hapati, na itakuwa ni mimi niliyemnyima chakula cha mwaka mzima mtu aliyenilisha nikiwa mgeni. Hapo sitakuwa na orodha ya kujitoa wala kitu cha kubonyeza.

Wingu bado limetanda upande wa mashariki. Nimetoka nje mara tatu kuliangalia.

Ee Mungu, mpaka katikati ya Machi tu.