Mashine ya Presha ya Wisal

Irbid, Yordani
12 Novemba 2025

Mpendwa Rudaina, binti wa marehemu kaka yangu,

Mwezi huu tunatimiza miaka kumi na mitatu tangu tuondoke Homs. Hujambo, mwanangu? Magoti ya mama yako yanasemaje na baridi hii? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila uchovu hautuachi.

Umeniandikia kwamba paa la nyumba limekwisha kujengwa upya na vyumba viwili ni vyetu, mkatuita turudi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya mke wangu, Wisal.

Zahanati ilimpa mashine ya presha ya nyumbani. Akifunga mkanda mkononi, namba zinakwenda zenyewe kwa muuguzi, kwa daktari wa moyo na kwa yule wa figo, nao hushauriana kabla ya kubadilisha dawa. Mwezi uliopita namba zilipanda sana, wakamwongezea dawa. Haikupita wiki, presha ikashuka mno, akaanguka bafuni. Nilidhani nimempoteza.

Muuguzi wetu, Ibtihal, akaja mbio. Kumbe kila mgeni aliyeingia kwetu alikuwa akivishwa ule mkanda, na namba zake zikienda kwa madaktari kama za Wisal!

"Mama, hizi presha ni za nani?"

"Za majirani. Mgeni amekaa, nijipime peke yangu kama malkia, yeye anikodolee macho?"

"Si umpe kahawa!"

"Kahawa nilishampa."

Siku zile zile alikuja mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa akichunguza kwa nini mashine hizi zimeenea upesi mtaani kwetu, na mtaa wa pili zinalala makabatini. Aliuliza umri, elimu, umbali wa zahanati, mtandao wa simu. Majibu yetu hayakutofautiana na ya wenzetu wa mtaa wa pili, naye akakwama. Wisal alimwonea huruma.

"Lete mkono, mwanangu. Majirani wote mashine wameijulia hapa kwangu. Nani atachukua kitu ambacho hajakionja?"

Ibtihal, aliyekuwapo, alijifunika uso. Kesho yake alileta mashine ya pili, isiyotuma namba popote, ya wageni.

Sasa dawa zimerudi kwenye kipimo chake cha zamani, na Wisal alikuwa amekwisha kufunga mizigo ya kurudi Homs. Nilimwambia huko kwenu daktari ni mmoja tu, naye huja Jumatatu.

"Basi nitaugua Jumatatu," akasema.

Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Tangu jana mizigo imefunguliwa, naye hasemi nami sana. Hapa kuna watu watatu wanaoujua moyo wake. Huko sijui nimkabidhi nani.

Msalimie mama yako, na Ghiyath mumeo aliyehangaika na lile paa. Vyumba vyetu wapeni watoto. Mungu awajalie humo afya na kelele nyingi.

Naipenda Homs, Rudaina. Sitarudi.

Ami yako, anayekupenda toka mbali,
Burhan